Nimekata makava ya siti aliyotushonea mama mkwe, sasa naitwa kikaoni

Admin, jina langu libaki huko huko kwako, maana ukweni kwangu wote wanafuata huu ukurasa. Mie ni mama wa miaka thelathini na sita, watoto wawili, ndoa ya kanisani, tunaishi Tegeta. Mume wangu anafanya kazi ya ofisini Mikocheni, mie nina duka la madaftari na kalamu hapa hapa mtaani. Si mtu mbaya. Hanywi, hanipigi, na kila Jumamosi anaosha gari kwa upole ambao mie mwenyewe sijawahi kuuonja.

Hilo gari ndilo ishu. Yeye ndiye wa kwanza kununua gari kwenye ukoo wao wote, na mama yake, anayekaa Mtoni, akasema lazima naye atie mkono wake. Akampeleka mwanawe kwa fundi wa siti, yakashonwa makava ya ngozi rangi ya damu ya mzee, uzi mweupe, siti zote. Kwa kweli yalipendeza. Mgeni akipanda tu anaambiwa, "Hayo ni ya Mama."

Tatizo, fundi aliishona siti ya nyuma yote kama godoro. Vile vifungo vya kuchomekea mikanda vikabaki chini ya ngozi. Hakuna aliyeuliza. Kwetu mkanda ni wa watu wa mbele, na hata huo wa mbele mume wangu anaufungaga akimwona trafiki, akimpita anaufungua, kama mtu aliyevua kofia kusalimia.

Gari lilikuja na kitabu chake cha Kijapani. Wateja wakikosekana dukani naangaliaga picha. Kijapani sijui, lakini picha ya mtoto aliyefungwa mkanda siti ya nyuma haihitaji mkalimani. Nikamwonyesha mume wangu, akacheka. "Mama Anita, hao wana barabara zao. Sie na foleni hii ya Tegeta, gari lenyewe linatembea?"

Basi asubuhi moja foleni haikuwepo. Tunawapeleka watoto shule, bodaboda akakatiza mbele yetu bila hata kuangalia, mume wangu akakanyaga breki. Alikanyaga vizuri tu, bodaboda hakuguswa, akatupungia mkono akaenda zake. Ila Anita wangu wa miaka saba alitoka nyuma akapita katikati yetu kama mzigo, mdomo ukagonga gia. Ulishonwa nyuzi, Admin. Meno mawili ya mbele tuliyaokota kwenye kapeti. Niko hospitali nalia, mwenzangu ananibembeleza: "Si ya utoto hayo? Yangetoka tu."

Jioni ile nikaingia siti ya nyuma, nikapapasa juu ya makava kama ninayetafuta funguo mfukoni mwa mtu aliyelala. Nikavipata, vigumu, vimelala humo chini. Nikamwambia turudi kwa fundi akate matundu. "Tutaongea." Nikakumbusha tena. "Sasa Mama atajisikiaje?" Nikasema mtoto ameshajisikia. Akanuna. Ikawa kila asubuhi wanangu wako nyuma wameshikilia viti vyetu, na mie nimegeuka nawaangalia wao badala ya barabara, mpaka shingo inauma.

Jumamosi moja mume wangu akaenda mazoezi ya kwaya kwa miguu, maana gari lilikuwa limeoshwa, hakutaka lishike vumbi. Nikachukua mkasi wa dukani. Nikakata. Matundu hayakupendeza, mie siyo fundi. Lakini vifungo vilitoka humo vipya kama vilivyoletwa, nikachomeka mikanda, ikaitika. Sijasikia sauti tamu kama ile tangu niolewe.

Kesho yake tukamfuata Mama Mtoni twende naye kanisani. Akafungua mlango wa nyuma, akasimama.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Humu wameingia panya?"

"Siyo panya, Mama. Ni mie."

Mume wangu akaongeza sauti ya redio.

Nikamweleza yote, nikamwonyesha mdomo wa mjukuu wake. Akawatazama watoto na mikanda yao. "Kama mbuzi wa sikukuu," akasema. "Mie nimezaa saba, sikumfunga hata mmoja."

"Uliwafunga, Mama. Kwa kanga, mgongoni. Na ulikaza."

Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu nilikuwa nimepatia. Mama alilia kutoka Mtoni mpaka kanisani. Na sikufurahi, maana huyu mama ananipenda, na makava yale ndiyo kitu pekee ndani ya gari lile chenye jasho lake.

Sasa kikao ni Jumapili hii, na mshenga wetu ameshapigiwa simu. Masharti nimeyapata kwa wifi: nipige magoti niombe radhi, halafu makava yashonwe upya kama yalivyokuwa, bila tundu hata moja, ili Mama aone nimetii. Nikamuuliza mume wangu, watoto watafungiwa wapi? "Nitaendesha taratibu." Nikasema basi watapanda basi la shule. Akasema watoto wa baba mwenye gari hawapandi basi la shule, mtaa utasema hajui kuendesha, na nikiwapandisha nimwambie kabisa kwamba ndoa imenishinda.

Admin, radhi ninayo. Magoti ninayo. Kwa kumliza Mama nitaomba msamaha hata mbele ya kwaya nzima. Ila wao wanataka radhi na sindano kwa pamoja, na nikiikubali sindano, Jumatatu asubuhi wanangu wanakaa tena nyuma bila mkanda, safari hii kwa ruhusa yangu. Nyie mliowahi kukalishwa kikao cha ukweni mkatoka na ndoa zenu, nisaidieni maneno: nikishapiga magoti pale chini, hiyo hapana naisemaje?