Alama ya Jino Moja

Shida yangu ilianza mwaka wa arobaini na saba, nikiwa na miaka kumi na tisa, na wala haikuanza kwa njaa. Njaa niliizoea. Ilianza kwa barua. Siku niliyoiandika naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa na furaha.

Nilikuwa naponda kokoto Kinondoni. Shule nilisoma madarasa mawili tu, lakini kuandika nilijua, na wenzangu wote pale kwenye mawe hawakujua. Basi nikajiona mtu. Usinicheke, nawe uliponunua simu ulitembea nayo mkononi wiki nzima.

Aliyenilea ni bibi yangu, Bi Mwanahawa, huko Chanika. Kwetu sie mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, na mume na mke hao kazi yao kutukanana. Nikifika tu namwambia, "We kikongwe, hujafa bado?" Naye, "Nife nikuachie nani? Kwa sura hiyo nani atakubali kuolewa nawe?" Kisha anacheka mpaka lile jino lake moja lililobaki linaonekana. Majirani walikuwa wanaacha kazi zao waje kutusikiliza.

Sasa siku hiyo nikaona nimpelekee utani wetu kwa karatasi. Nikaandika: "Kwa mke wangu kikongwe. Nimechoka kungoja ufe. Nimepata mke mwenye meno yote, naye anataka nyumba. Hama, uniachie nyumba yangu." Nikaweka nukta pale nilipofundishwa kuweka, nikampa dereva wa lori la mkaa aipeleke.

Bibi hakujua kusoma. Akaipeleka kwa karani mmoja mgeni, mtu wa bara, aliyekuja kuandikisha watu wa kodi. Karani akasimama, akamsomea taratibu, kwa sauti ileile aliyosomea amri za serikali. Na ujue, mwanangu, Chanika ya wakati ule karatasi ilileta kodi, au kesi, au habari za shamba kuchukuliwa. Hakuna aliyewahi kuletewa mzaha kwa karatasi.

Nilipokwenda sikukuu ya Idi nilikuta mlango umefungwa kwa kamba. Ndani kumefagiliwa. Jembe, mkeka na mtungi vimepangwa ukutani, kama mtu anavyomkabidhi mwenye nyumba mali yake. Barua yangu ilikuwa juu ya kinu.

Majirani wakaniambia nani aliyemsomea na wapi alikokwenda. Nikamfuata karani, nikamshika shati. "Umemsomea nini bibi yangu?"

"Nimemsomea kilichoandikwa, ndugu yangu."

"Ule ulikuwa utani!"

Akaichukua barua, akaigeuza huku na huku. Hakuwa mtu mbaya. "Nionyeshe pahali palipoandikwa kwamba unacheka," akasema.

Nikatazama. Hapakuwepo.

Bibi alikuwa amekwenda Kisarawe kwa mdogo wake, kwa miguu, na furushi kichwani. Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwita kwa sauti yetu: "We kikongwe, umenikimbia?"

Akaweka ukili chini. Akajifunika khanga vizuri kichwani, kama mbele ya mgeni. "Karibu, baba. Nyumba umeiona? Paa nilishindwa kulitengeneza."

Nililia palepale, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa, mjukuu wangu. Nimekusamehe."

Mjukuu wangu! Maisha yangu yote hakuwahi kuniita hivyo. Mie nilikuwa mume wake.

Aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya hapo. Kurudi Chanika alikataa. Kila mwezi nilikwenda kumtazama. Alinipa chakula, akaniuliza habari za kazi, akaniombea dua. Nilimchokoza kwa kila tusi nililolijua. Alitabasamu tu, mdomo umefungwa. Lile jino sikuliona tena mpaka tulipomzika.

Tangu hapo natamani alama ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha. Ya kusimama ipo, ya kupumua ipo, ya kuuliza na ya kushangaa zipo. Ya kusema "hapa nacheka" iko wapi? Na ya "hapa nalia, ila naona haya kusema"? Waliosoma sana hawakuitengeneza, basi mie wa madarasa mawili nimejitengenezea. Kila nikiandika mzaha, mwisho wake nachora jino moja. Wanangu wanalijua. Wapangaji wangu wanalijua.

Sasa nisikilize. Nyie mnaandikiana upesi mno kwenye hizo simu zenu. Mzaha wako usiupeleke mahali ambapo uso wako haufiki. Ukiona lazima, basi andika kwa maneno kamili kwamba unacheka, hata kama utajiona mjinga. Nawe ukiletewa neno chungu na mtu anayekupenda, usifunge furushi. Nenda kwanza ukamtazame machoni. Bibi yangu hakunijia. Lakini kosa si lake, ni langu, na nimezeeka nalo.

Mungu akupe watu wa kukutukana kwa mapenzi, mwanangu, na awaweke karibu nawe, uwasikie wakicheka kwa masikio yako.

Leo nina nyumba Buguruni, vyumba sita. Nina nyingine Temeke, vyumba vinne. Nina kisima na mashine ya kusaga. Chanika nina kiwanja. Nyumba ya bibi ilianguka kwa mvua, nami sijajenga. Nina kinu chake. Na ile barua ninayo.