Objektifu ndogo na mihogo ya Maman Faida

Siku yangu ya kwanza ya kazi, shefu wa laboratware aliweka jani moja la sombe, la muhogo, juu ya meza, akaniambia nipige foto ya kadudu kenye kuwa juu yake. Nikapiga. Akaangalia ekra ya apareyi, pale nyuma foto inapoonekana, akasema bila kukasirika: "Maman, umeniletea jani. Mimi nilikuomba kadudu." Siku ile nikaanza kuogopa, na sitawadanganya, niliogopa mupaka nilipoingia retreti, nilipostaafu.

Ninyi vijana munakuja kwangu hapa Kadutu, Bukavu, kuniuliza mununue objektifu gani ya makro, kioo cha mbele cha apareyi, ile ndogo ya kutembea nayo kila siku na ya kwenda nayo safari. Muketi basi. Jibu langu ni fupi, lakini woga niliolipata nao si mufupi.

Makro ni objektifu yenye kukuruhusu usogee karibu sana na kitu kidogo, na bado kionekane safi. Ya kweli inaitwa moja kwa moja: kadudu ka milimetri mbili kanaingia na milimetri zake zote mbili kwenye kapteri, kile kibao cha ndani chenye kupokea mwanga. Laboratware yetu ilifuata magonjwa ya mihogo, sana sana kochenili, kadudu keupe kama unga kenye kunyonya majani mupaka yajikunje. Nilipewa objektifu ya san-senk, yaani milimetri mia moja na tano. Ilikuwa nzuri, lakini ndefu na nzito. Nilishuka nayo tunjia twa Kadutu nimeifunga kwenye kitenge, katikati ya vitunguu, juu niliogopa wezi, niliogopa utelezi, niliogopa na shefu.

Miaka ya kwanza nilitumwa Nyantende, vijijini karibu na Bukavu. Kule walituzoea, wakatuita watu wa tududu. Kisha shefu akanituma Kalehe, mbali kando ya ziwa. Kwenye bariere ya kwanza, pale wanasimamisha magari, mutu wa bunduki akatoa ile san-senk kwenye kikapu, akaichungulia, akauliza tunapeleleza nani kule mulimani. Walituketisha chini kwenye jua mupaka saa kumi, mimi na shoferi wetu, Papa Bisimwa. Tuliporudi Bukavu nikamwambia shefu kwamba sirudi tena Kalehe na kile kitu.

Hakunigombeza. Aliniambia nichague ingine mimi mwenyewe, nikachagua swasanti, ya milimetri sitini. Inaenea kwenye kiganja. Hata leo ningechagua ile ile: itakupigia ubatizo siku ya Yenga, Siku ya Mungu, sura ya mutoto, ua la dirishani, na ukiwa njiani hakuna mutu wa kuishangaa. Lakini iko na kasoro, na wauzaji hawaisemi. Objektifu fupi inakutaka karibu. Ile ndefu iliniachia upana wa kiganja kizima kati ya kioo na kadudu. Hii iliniachia vidole vitatu. Kivuli chako kinakafunika, pumzi yako inakatingisha. Inabidi upige magoti na uso uguse majani. Sasa mujiulize wenyewe: huku kwetu, mutu akipiga magoti kwenye shamba na kuchungulia chini na kioo, anatafuta nini? Kila mutu atakuambia ni mawe, yale ya kuchimbwa na kuuzwa.

Mimi sikujiuliza. Kule Kalehe, Maman Faida, mukulima mujane, alituachia shamba lake la mihogo tufuate ugonjwa. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti pale, yeye hayuko, Papa Bisimwa ananingoja kwenye gari, nikaona viatu viwili vya jeshi mbele yangu. Ule mutu alikuwa na bunduki begani. Hakupiga kelele. Alitaka tu kuona foto.

Nikamuonyesha. Kochenili ilijaa ekra, na pembeni yake kulikuwa kapunje kamoja ka muchanga kenye mimi mwenyewe sikuwa nimekaona kwa macho. Makro ilikakuza kama punje ya haragi, ya maharagwe, na jua lilikafanya manjano kama dhahabu.

"Hii yenye kuwaka ni nini?"

"Ni muchanga, papa. Kioo njo kinaikuza."

"Muchanga ya huku haiwakake hivi. Uliipigia wapi?"

Ningeweza kusema ni Nyantende. Ningeweza kumuonyesha kando ya barabara. Nikaona sura za watoto wangu, na kidole kikajinyoosha: pale, mustari wa pili. Akaniambia niende. Papa Bisimwa akawasha gari, tukarudi Bukavu.

Wiki iliyofuata shamba lilikuwa mashimo matupu. Mihogo michanga ililala huku na huku, mizizi juu. Maman Faida alituambia tu kwamba watu walikuja kutafuta mawe. Shefu aliomba raporti. Nikapiga foto za mashimo, na chini yake nikaandika: watu wasiojulikana. Aibu ilinikaba, lakini woga ulinizidi.

Maman Faida alipanda tena. Nilirudi kwake miaka mingi, na kila mara alinichemshia viazi, nami nilivila nikiogopa kwamba leo njo ataniuliza nani aliwaonyesha. Hakuuliza kamwe. Usiku sikupata usingizi muzuri kabla ya kila safari ya Kalehe, na wenzangu walifikiri ni juu ya bariere.

Kwa hiyo mununue swasanti, ni objektifu nzuri. Lakini kabla ya kumuonyesha mutu ekra, muangalie kwanza kila kitu chenye kuwa pembeni ya kadudu, na mufikiri huyu mutu ataona nini.

Nilipopata retreti, nilipanda boti peke yangu mupaka Kalehe. Nilimukuta Maman Faida anamenya haragi mbele ya nyumba. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: foto, kapunje, kidole changu. Nilingoja anifukuze. Aliendelea kumenya, hakuinua macho.

"Nilikuwa hapa siku walikuja kuchimba," akasema. "Na mimi niliogopa, maman. Jembe la kuchimbia, mimi njo niliwapa."