Kipande cha Tatu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Niliishia darasa la tano, nikaanza kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka Kinole, na leo nina maduka mawili ya mbolea na mbegu, moja Morogoro mjini, jingine huku huku mlimani. Hakuna aliyenishika mkono.

Kwa hiyo binti yangu alipopata kazi ya utafiti chuo kikuu sikushtuka. Nilimsomesha mimi. Ilikuwa kazi ya msimu mmoja wa mahindi. Utafiti ukienda vizuri, wangemwajiri moja kwa moja na kumlipia masomo ya juu. Walikuwa wanatafuta shamba la mlimani, nikawapa la kwangu, lile la kando ya njia ya gulioni. Bure.

Binti akaligawa vipande vitatu. Cha kwanza samadi, cha pili mbolea ya dukani, cha tatu hakikuwekewa kitu.

"Baba, hiki usikiguse kabisa. Bila hiki hatuna cha kulinganishia."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa.

Ila mahindi ya kipande cha tatu yalidumaa, yakawa ya njano, na ndiyo yaliyopakana na njia. Siku ya gulio shemeji yangu mmoja akapita na tenga lake.

"Shemeji, kumbe mbolea unatuuzia sisi tu? Mwenyewe huiamini?"

"Labda ameweka hiyo hiyo tuliyonunua," akasema mwenzake. "Mie nirudishiwe hela yangu."

Nikacheka nao. Wiki hiyo wateja wawili waliniuliza dukani kama mzigo wangu siyo feki. Nikaeleza habari za utafiti, wakaitikia, wakaondoka bila kununua.

Binti aliposhuka mjini nilichukua mfuko wa urea na vibarua wawili, tukakiwekea kile kipande cha tatu. Mvua ikanyesha vizuri. Kikawa kijani, na wapita njia wakanyamaza.

Alirudi na mwalimu anayemsimamia, wamekuja kupima. Mwalimu akaniamkia, nikaitikia. Binti alisimama mbele ya kipande cha tatu.

"Baba, umeweka nini?"

"Urea. Ya kwangu, siyo ya chuo. Si yamependeza?"

Angeweza kusema ni mvua. Mwalimu alikuwa bado anakunjua futi yake. Lakini binti alimgeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kipande cha kulinganishia kimeharibika. Baba amekiwekea mbolea."

Mwalimu akaikunja futi. "Basi msimu ndiyo umeisha," akasema. Akanishukuru kwa shamba.

Chuo kikatangaza nafasi ile upya. Binti aliomba kama watu wengine, hakuitwa kwenye usaili. Nikamwambia aje akae duka la mjini, atakuwa bosi. Akasema, "Asante, Baba." Sasa yuko Gairo, anampimia karanga mfanyabiashara mmoja. Ananipigia simu, ananiamkia, ananiuliza habari za mguu wangu unaonisumbua. Namwambia biashara inakwenda. Habari za shamba haulizi.

Mahindi ya kipande cha tatu tuliyavuna, yalizaa vizuri tu. Mfuko wa urea elfu sabini na mbili, vibarua elfu tano kila mmoja, soda zao elfu moja na mia nne. Jumla shilingi elfu themanini na tatu na mia nne.