Nani Atamfungia Bwana Tai

Mume wangu alirudi nyumbani Jumapili, na kabla hajakaa, kabla hajauliza mtoto alikuwa na kikohozi gani wiki nzima, aliniambia kwamba mwanaume wa heshima havai koti jeusi kwenye chakula cha jioni akiwa kwenye bahari ya joto. Anavaa jeupe. Suruali ni nyeusi, tai ni nyeusi, viatu ni vile vya kung'aa, lakini koti ni jeupe mpaka meli ifike upande wa baridi. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, nimempondea irio ya viazi na mahindi ya kumtosha mpaka kesho yake. Nikamuuliza hayo yote kayatoa wapi.

"Yaya amesema," akanijibu, akavua kofia.

Tulikuwa na chumba kimoja Makongeni, hapa Thika. Nasema tulikuwa nacho, lakini waliokitumia ni mimi na binti yetu. Mume wangu alilala Ruiru, kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, ambako alikuwa boi wa nyumba: kupiga pasi, kuandaa meza, kupiga viatu rangi. Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya hali ya hatari, vitambulisho vya kipande vilikuwa bado vinaulizwa njiani, na mwanaume aliyepata kazi ya ndani ya nyumba hakuichezea. Mimi nami nilikuwa nimejitafutia riziki nyuma ya duka la fundi mmoja wa Kihindi. Sikugusa cherehani; nilishona vifungo, nilipiga pindo kwa mkono, na msimu wa sikukuu nilifunga riboni kwenye magauni ya watoto mpaka vidole vikafa ganzi.

Habari ya meli ilikuwa imeanza mwezi uliopita. Mama mzazi wa yule bwana alikuwa anatimiza umri mkubwa, akataka ausherehekee baharini na familia yake yote. Basi wangepanda meli Mombasa, washuke nayo mpaka Afrika Kusini, warudi. Bwana, memsahib, bibi mzee, kijana wao mkubwa, na watoto wawili wadogo. Wadogo wangekuwa na yaya wao. Na mume wangu angekwenda pia.

Mwanzoni nilifurahi, kwa saa moja hivi. Halafu nikauliza yaya ni nani.

Alikuwa mjane wa kutoka upande wa Machakos, mwanamke wa umri wangu, na tangu siku hiyo jina lake la kazi likahamia kwangu likakaa mezani. Yaya alikuwa ameshasafiri kwa meli na wazungu wengine, kwa hiyo alijua kila kitu. Yaya amesema usiku wa kwanza wanaume hawavai rasmi, kwa sababu masanduku hayajafunguliwa. Yaya amesema shati la kifua kigumu halikunjwi, linaviringishwa. Yaya amesema kuna usiku wa kapteni, na mwanaume akiingia pale bila tai ya kipepeo afadhali angebaki kitandani. Yaya amesema yule kijana, maadam ameanza kunyoa, lazima naye ashonewe seti yake. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Tangu nimjue hakuwahi kuniletea sentensi tatu zilizofuatana. Sasa aliongea hadi chai ikapoa, na kila alipofungua kinywa alitoka yule mwanamke.

Nilikuwa na wivu. Sioni haja ya kuupaka sukari. Nilikuwa nalala nao, naamka nao.

Bwana alikuwa amenenepa, na lile koti lake jeupe la zamani halikufunga tena. Wakalileta dukani kwetu litanuliwe mbavuni, pamoja na suruali yake. Fundi alifumua, mimi nikapewa nimalizie kwa mkono. Nililishika lile koti nikalinusa, bitana, kola, kwapa. Lilinuka nafthalini ya kufukuza nondo na tumbaku ya kiko. Nilikuwa natafuta harufu ya mwanamke, maana lilitoka mikononi mwa mume wangu, na sikuipata, na kutoipata hakukunituliza hata kidogo. Nikamwambia fundi nitalipeleka mwenyewe Ruiru, nina safari ya huko. Sikuwa na safari yoyote.

Nilipanda treni ya asubuhi, nikashuka Ruiru, nikapita katikati ya mistari ya mikahawa na furushi kubwa la nguo kichwani. Nilizunguka nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, kama mtu wa kazi anavyotakiwa. Dirisha la chumba cha vyombo lilikuwa wazi. Nikachungulia.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye stuli, na kanzu yake nyeupe ya kazi, uso umeelekea kioo kidogo kilichoegemezwa kwenye masufuria. Nyuma yake alisimama yule mwanamke. Alikuwa amemwinamia, mikono yote miwili imemzunguka shingo, kidevu karibu kabisa na sikio lake. Na mume wangu alikuwa anacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia nyumbani tangu mtoto azaliwe.

Sikupiga kelele. Watu wanaonijua hawaamini nikiwaambia, lakini sikupiga. Niliingia, nikaweka nguo juu ya meza, nikasema hodi nikiwa nimeshaingia.

Mume wangu aliruka. Shingoni alikuwa na kitambaa cheusi kilichoning'inia upande mmoja. Akaniambia haraka haraka kwamba anajifunza kufunga tai ya bwana. Nilimwambia nimeona anavyojifunza. Nikamwambia akaone kama kuku wamefungiwa. Hawakuwa na kuku upande ule, na alikwenda.

Yule yaya alibaki amesimama. Alikuwa mwanamke mtulivu, wa macho makubwa, amefunga kitambaa cheupe kichwani, ananuka poda ya watoto. Alinisalimu kwa heshima, akavuta stuli nikae. Nilikataa. Akanieleza kwamba tai ile haifungiki kwa mtu ukiwa mbele yake, mikono inageuka, kushoto inakuwa kulia. Lazima usimame nyuma yake, mikono yako ipite pale mikono yake ingepita, ndipo fundo linakuja.

Nikamwambia sikuja kusikia habari za fundo.

"Mama, nitakwambia ukweli na ukitaka unipige," akasema. "Bwana nilikuwa namfunga mimi. Kila akienda klabu. Hakuna kitu hapo, ni shingo tu. Lakini memsahib akakuta siku moja, akaona vile wewe umeona. Akasema kwa meli nisimguse. Ndio mzee wako anafunzwa. Anaenda kwa sababu ya hii tai, hakuna kazi ingine anapelekewa."

Nilimuuliza kwa nini memsahib asimfungie mume wake mwenyewe.

"Hajui. Amejaribu, inatoka imepinda, wanagombana. Na kuniuliza mimi nimfunze, hawezi. Angekubali kufa."

Nikakaa sasa. Nilikaa kwenye ile stuli aliyokuwa amekaa mume wangu, bado ina joto. Kwa hiyo mke mmoja, katika nyumba yenye vyumba vya kupotea, alikuwa ameshikwa na kitu kile kile kilichonishika mimi Makongeni. Naye akakitoa kwake akanitupia mimi. Aliona mikono ya yaya kwenye shingo ya mumewe, akaihamishia kwenye shingo ya mume wangu, akalala usingizi. Hakufikiri kwamba boi ana mke. Pengine alifikiri, akaona haimhusu yeye.

Nilimwambia yaya anifunge mimi. Alisita, kisha akasimama nyuma yangu. Ile mikono niliyokuwa nimeilaani ikanipita mabegani, na kwenye kioo nikaona nyuso zetu mbili, moja juu ya nyingine. Alifanya mara moja polepole. Mara ya pili nilimwambia aniachie. Ilikuwa riboni. Ilikuwa riboni ile ile ninayofunga kiunoni mwa magauni ya watoto, tofauti ni kwamba hii ilikuwa nyeusi na fupi, na waungwana walikuwa wameifanya mtihani. Nikaifunga kwenye shingo yangu, nikaifungua, nikaifunga tena bila kioo.

Halafu nikaomba kumwona memsahib.

Yaya alidhani nimechanganyikiwa. Lakini nilikuwa na nguo za kukabidhi, na mtu aliyeleta nguo ana haki ya kuulizwa kama zimetoka vizuri. Memsahib alikuja kwenye veranda ya nyuma, mwanamke mwembamba, wa shingo ndefu yenye madoa ya jua. Alilishika koti, akalipindua mbavuni, akaniuliza kwa kile Kiswahili chao nani ameshona. Nikamwambia ni mimi. Akasema mzuri. Ndipo akaona tai nyeusi imenikaa shingoni, sawasawa kabisa, juu ya blauzi yangu ya kazi. Nilikuwa nimeiacha makusudi.

"Nani nafunga hiyo?" akauliza.

"Mimi," nikasema. "Mimi ni bibi ya boi yako. Kwetu shingo ya mzee ni kazi ya bibi yake. Wewe nataka, mimi nafunza wewe."

Alinitazama, na wekundu ukampanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Nilidhani atanifukuza, na mume wangu pamoja nami. Aliangalia upande wa jikoni, akaangalia upande wa bustani ambako mama mkwe wake alikuwa amelala kwenye kiti cha kamba. Akaingia chumba cha vyombo. Nikamfuata. Yaya alitoka kwa mlango mwingine kabla hajaambiwa.

Basi nilisimama nyuma ya mwanamke wa kizungu, katika miaka ambayo mkono wangu ukimgusa barabarani ningelala ndani, nikampitisha mikono yangu mabegani. Nywele zake zilinuka sabuni. Alikaza mabega. Nilimwonyesha mkia mrefu unavyopita juu ya mfupi, sikio la kwanza, kidole cha kushikilia, sikio la pili. Hatukuwa na maneno ya kutosha, lakini tulielewana kuliko nilivyowahi kuelewana na mzungu yeyote kabla au baadaye. Alipopata la kwanza lililonyooka alitoa pumzi, akatabasamu kwenye kioo. Nikamchukia kidogo, hata hivyo, kwa sababu yeye angekwenda na mume wake baharini.

Jumapili iliyofuata mume wangu alikuja, akavua kofia. Alikaa, akauliza habari za mtoto, akala. Kisha akaniambia hataenda tena. Memsahib alikuwa amemwambia kazi ya tai imepata mtu, na meli ina maboi wake wa kutosha. Nyumba itafungwa, apumzike nyumbani mpaka watakaporudi.

"Ni wewe ulimfunza," akasema.

"Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga, makali, yanangoja. Hakugombana. Alisema tu kwamba hajawahi kuona bahari, akaenda kunawa mikono.

Siku ya kuondoka kwao nilikwenda Ruiru nimshuhudie yaya kwa macho yangu akipanda gari. Nilimwona. Alimuaga mume wangu kwa mkono, naye akamjibu bila hata kuinua uso. Alikuwa ameinamia sanduku la bwana, analilainisha koti jeupe mkono mmoja mmoja, anaweka karatasi laini katikati ya mikunjo. Nilimtazama yule mwanamke ambaye nilikuwa nimekosa usingizi kwa ajili yake, nikaona kwamba mume wangu hakumbuki kama yuko pale. Gari likaondoka. Yeye alibaki amesimama kwenye vumbi, na mimi nikamwambia twende nyumbani.

Ndiyo nikampata. Nilikuwa nimemtaka kila siku tangu tuoane, sasa nikawa naye kila siku: asubuhi, mchana, kitandani. Alirekebisha mlango. Alimpeleka binti yetu mtoni Chania kuona maporomoko. Majirani waliniambia nina bahati.

Lakini ilipofika jioni alikuwa anafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alijiosha, akavaa shati lake safi, na juu yake koti lake la kanisani, jeusi, la pekee alilokuwa nalo. Akafunga vifungo vyote. Kisha akakaa mbele ya sahani ya maharagwe na ugali, mgongo umenyooka, akala polepole kwa kijiko kama mtu anayeangaliwa. Binti yetu alimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili akaacha kucheka.

Nilimuuliza anakwenda wapi amevaa hivyo.

"Siendi mahali," akasema. "Ni saa ya chakula."

Aliongea kwa upole kabisa. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, ukutani, pale tulipotundika kalenda ya duka, na uso wake ulikuwa umelainika vile ambavyo niliuomba ulainike mbele yangu kwa miaka. Kama ingekuwa mwanamke, ningemweza. Ningepanda treni, ningechungulia dirishani, ningemwondoa. Nilikaa mbele yake na nguo zangu za jikoni, nikampa mchuzi, akasema asante, na nilijua kwamba katika ile meza ya melini aliyokuwa anakula yeye, mimi sikuwekewa kiti.