Mafuta ya Breki ya Bibi Zaituni

Mwanangu, kabla sijakukabidhi ufunguo wa hii pikapu, kaa kidogo.

Nakumbuka asubuhi tuliyokuwa tunatoka hapa Nkuhungu kwenda Iringa kumchukua mama yako awe mke wangu. Gari lilikuwa la mjomba wangu Chibago, na fundi alikuwa ameshamwaga mafuta ya breki ya zamani, yamekuwa meusi. Tukiwa tunatafuta mapya, jirani yetu Bibi Zaituni akaja na chupa iliyobaki nusu. Ilikuwa ya marehemu mume wake, aliyekuwa dereva wa malori ya mahindi ya Kibaigwa.

"Tieni haya, wanangu," akasema. "Kwangu hayana kazi."

Mjomba aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akaiweka kabatini. Bibi alipoondoka, akavaa kofia aende dukani.

Mimi nilishavaa suti, wakwe wanasubiri, na ukweni hapachezewi. Nikamfuata nimenuna. "Mjomba, si ni DOT 4, ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki cha gari?"

"Ilikuwa DOT 4 siku ilipofunguliwa," akanijibu bila haraka. "Namba hiyo inakwambia yanastahimili joto kiasi gani kabla ya kuchemka. Yakishafunguliwa yanavuta unyevu wa hewa, hata huku kwetu kukavu, na uwezo unapungua. Wakati wa kurudi tutashuka mlima Nyang'oro na mtoto wa watu. Breki zikipata moto yakachemka, utakanyaga pedali izame yote na gari lisisimame. Wazazi wake utawaambia nini?"

Tukaenda dukani, tukanunua chupa mpya, fundi akaitia. Tulichelewa, na shangazi zake mama yako walitusema mpaka wakachoka wenyewe. Lakini wakati wa kurudi, mteremko wote ule pedali ilikuwa ngumu chini ya mguu wa Mjomba, na mama yako akasinzia begani kwangu. Nilifurahi, mwanangu, sina namna ya kukueleza.

Tulipofika, Mjomba alituteremsha kwanza kwa Bibi Zaituni. Bibi akamkumbatia bibi harusi, kisha akauliza, "Mafuta yangu yamewafaa?"

"Hatukuyatia, dada," Mjomba akasema. "Yamekaa mno tangu yafunguliwe."

Nilitamani ardhi ipasuke. Bibi akacheka huku machozi yakimtoka. "Najua. Hata marehemu asingeyatia. Nilitaka tu na yeye awe na mchango kwenye harusi."

"Anao," Mjomba akasema. "Tumeutunza."

Ndiyo hiyo chupa ya kabatini ambayo mama yako huifuta vumbi kila Krismasi, na wewe hujawahi kuuliza.

Basi unachopewa kwa upendo kipokee, mwanangu, na mtoaji umwambie ukweli. Kwenye breki, soma kifuniko, nunua daraja lililoandikwa hapo, chupa ambayo haijafunguliwa, na mafuta yakikaa sana yabadilishe. DOT 5 isikudanganye kwa ukubwa wa namba. Ni ya aina nyingine kabisa, usiichanganye na hizi zetu.

Haya, ufunguo huu hapa. Mungu atangulie mbele ya gari lako, na kila utakayempakia umfikishe kwao salama, hata kama umechelewa.