Niliahidi pensheni ya mke wangu kwa binti yetu bila kumuuliza mwenyewe

Wakuu, poleni na mihangaiko popote mlipo.

Nimesoma nyuzi za wenzangu humu miaka mingi bila kuchangia chochote, leo acha nitoe la kwangu. Ni kweli tupu. Nimebadilisha majina tu, maana bado nahitaji kula nyumbani.

Nina miaka 69, naishi Mansfield, Texas. Nimeendesha lori la mizigo huku kwa miaka mingi, lori langu mwenyewe. Tuliojiajiri tunajuana: pensheni huwa tunasema tutaanza kuweka mwakani, na mwakani ikifika tunasema hivyo hivyo. Nilipo-retire nikabaki na Social Security peke yake, ile hela ya uzeeni ya serikali.

Mwenye akili alikuwa mke wangu, nimuite Mama Rehema. Miaka 24 amekuwa nesi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Fort Worth. Kila mshahara kipande kinaingia 401(k), ile pensheni ya kazini, na mwajiri anaongezea kidogo.

Hela hiyo iliingia bila kukatwa kodi. Shikeni hapo, ndipo kesi ilipo.

Tuna watoto wawili. Rehema yuko Sugar Land, upande wa Houston, na mumewe na watoto watatu kwenye apartment ya vyumba viwili. Mdogo wake, Daudi, ameacha kazi ya warehouse karudi college kusomea mambo ya hospitali.

Sasa twende kwenye tukio.

Mwaka jana mwezi wa kumi tulikwenda Sugar Land kwenye birthday ya mjukuu. Baada ya kula, Rehema akatuonyesha kwenye simu picha za nyumba waliyoipenda. Vyumba vinne, uani kuna nafasi ya watoto kukimbia. Tatizo ni down payment, hela ya kutanguliza kabla ya mkopo.

Mimi nimeshiba pilau, wajukuu wamenilalia mapajani, nikajisikia baba kweli kweli.

"Wekeni ofa," nikasema. "Sisi tutawapa dola elfu themanini. Hela ya mama yenu ipo tu, imekaa."

Rehema akaanza kulia. Mkwe akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama Rehema akainuka taratibu akaenda kuosha vyombo.

Hapo wakuu nilipaswa kuelewa. Sikuelewa.

Kesho yake tukarudi kwa gari, mimi kwenye usukani. Ni mwendo wa saa nne na zaidi. Mama Rehema hakusema neno mpaka tulipofika Corsicana.

"Baba Rehema, hiyo hela imekaa wapi?"

"Si kwenye akaunti yako."

"Imeandikwa jina la nani?"

Nikamwambia tutaongea tukifika nyumbani. Akasema hapana, tuongee humu humu, humu huwezi kunikwepa ukaenda kukagua bomba la bustani.

Kisha akasema jambo ambalo katika miaka 38 ya ndoa sikuwahi kulisikia kwake.

"Nimeogesha wazee waliogawa kila kitu wakiwa na nguvu. Watoto wao si wabaya, wako kazini tu. Lakini mzee asiye na chake hachagui hata chumba cha kulala. Mimi nataka siku hiyo nichague mwenyewe."

Nikauliza, kwa hiyo hutaki kumsaidia mtoto?

"Nataka. Nilichokataa ni kusikia habari ya hela yangu mbele ya mkwe, kama taarifa ya hali ya hewa."

Nimevuka majimbo mengi na mzigo nyuma, lakini usukani haujawahi kuwa mzito kama siku ile. Nikamwomba msamaha. Akaitikia "sawa", ile sawa ambayo waliooa wanaijua.

Wiki hiyo hiyo akanipeleka Haltom City kwa dada mmoja Mrundi, nimuite Godeliva. Walifanya kazi pamoja zamani, Godeliva akiwa msaidizi wa manesi. Baadaye akasomea uhasibu, sasa anaandaa tax return za watu, zile fomu za kodi za kila mwaka. Mimi ninavyojua, alikuja huku kama mkimbizi na begi moja. Leo ananifundisha mimi kodi.

Nikamweleza mpango wangu: tunatoa elfu themanini kwa mpigo, tunampa mtoto, basi.

"Muzee," akasema, "ukitoa yote mwaka mmoja, serikali inaona ninyi mumepata mshahara mkubwa mwaka huo. Haijali kama ni zawadi ya mtoto."

Akaeleza polepole. Kodi ya hapa inapanda kwa ngazi. Kila dola inayotoka kwenye ile 401(k) inahesabiwa kipato cha mwaka ilipotoka. Ukichota sana kwa mara moja unaparamia ngazi za juu, na Medicare, bima ya wazee, inaweza kukupandishia malipo miaka miwili mbele kwa sababu hiyo hiyo. Bahati yetu Texas haina kodi ya jimbo kwenye kipato.

Dawa yake ilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu. Toeni sehemu Desemba na sehemu Januari. Ni wiki chache tu katikati, lakini kwa watu wa kodi hiyo ni miaka miwili tofauti.

Zawadi nazo, Mama Rehema anaweza kumpa Rehema, na anaweza kumpa mkwe, na mimi vile vile. Kila mmoja ana kiwango chake cha mwaka kisichohitaji hata fomu. Na ada ya Daudi tukiilipa moja kwa moja chuoni, haihesabiwi kabisa kwenye zawadi.

Jambo la mwisho alilisema akimtazama Mama Rehema.

"Mmoja wenu akitangulia, atakayebaki atalipa kodi kama mtu asiye na mwenzi. Ngazi zinakuwa fupi. Kutoa kidogo kidogo sasa mkiwa wawili si kupoteza."

Mama Rehema akaandika hilo kwenye daftari. Halafu akasema kiasi chake: elfu hamsini kwa Rehema, ada ya mwaka mmoja kwa Daudi, iliyobaki haiguswi.

Kazi ya kumpigia Rehema nikapewa mimi. Haki kabisa.

"Dad, the seller won't wait till January," akasema. Yaani muuzaji hatasubiri mpaka Januari. Kisha akakata simu.

Ile nyumba ikaenda kwa watu wengine. Wiki tatu mtoto hakupiga. Nilikuwa naangalia simu kama kijana aliyeachwa. Nikataka kumshawishi mama yake tutoe yote tu tumalize. Sikuthubutu, na leo nashukuru.

Thanksgiving, ile sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, wakaja Mansfield. Nikiwa sebuleni nikamsikia Rehema jikoni, anamwambia mama yake alidhani hela ni yangu.

"Mum, I thought it was Dad's money. He said it like it was his."

"Najua alivyosema."

"I would never have asked."

"Hukuniomba, mwanangu. Ninakupa. Ni vitu viwili tofauti."

Nikasikia wote wawili wanapenga makamasi. Nikaongeza sauti ya mpira kwenye TV.

Februari wakapata nyumba Rosenberg, mbele kidogo ya Sugar Land. Vyumba vitatu badala ya vinne, na mkopo mdogo kuliko ule wa kwanza. Siku ya maombi ya kuifungua, mkwe akasimama kunishukuru mimi. Nikamkatiza nikasema mbele ya watu wote hela ni ya Mama Rehema, jasho lake, uamuzi wake. Ilinichukua sekunde kumi kusema, na ningeweza kuisema Oktoba.

Nilichojifunza: kusaidia watoto wakubwa ni jambo jema, ila kwanza muulize mwenye hela, pili muulize mtu wa kodi, ndipo umwambie mtoto. Mimi nilianzia mwisho. Na kila mtu na hesabu zake, msichukue zangu kama zilivyo, tafuteni mtaalamu wenu.

Wiki iliyopita Mama Rehema alinikabidhi karatasi yenye password ya akaunti, ili lolote likitokea nisihangaike. Nikaguswa sana. Akanyoosha kidole:

"Ni ya kusoma tu, si ya kutoa."

Haya wakuu, mlioko kwenye ndoa, ninyi mnaamuaje hela ya mwenza ikitakiwa na watoto? Na mnaojua kodi, kama kuna sehemu nimeteleza nirekebisheni, nimezoea sasa.