Anayevipiga Mawimbi

Hebu mwone dada huyu akiingia maabara yetu ya Linköping, Uswidi, akivua buti za theluji mlangoni na kuvaa ndala. Kazi yake ni kuvipiga vifaa vya umeme kwa mawimbi makali ya redio, aone kama vitazimika. Kabla ya kukifungia kifaa ndani ya chumba cha chuma cha majaribio, hukipapasa kila kifaa kwa kidole gumba, akinong'ona, "Samahani, mwanangu." Leo ni mashine ya kuwasaidia watoto njiti kupumua; ya kwanza tuliyoijaribu ilizimika.

"Ikizimika na hii, mradi unafungwa," alisema Torbjörn, aliyeiunda.

"Kunywa kahawa, kaka. Unatetemeka kuliko mashine yenyewe."

Dada akafunga chumba, akabonyeza kitufe cha mawimbi. Kwenye skrini tukaiona bado inapumua. Torbjörn akaruka kwa furaha. Dada akapandisha nguvu ya mawimbi.

"Dada, si imefaulu?"

"Imefaulu. Sasa tuone ubavu wake unaishia wapi."

Ungekuwa Torbjörn, ungemshika mkono kumzuia?